Nipasuliwe Nairobi au nifuate bei nafuu Istanbul?

Swali: Daktari, hujambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, naishi Donholm. Nina kilo 118 na urefu wa sentimita 162. Nina ugonjwa wa sukari mwaka wa nne sasa, natumia metformini, presha nayo imeanza, na usiku kiungulia hakiniachi nilale. Kila lishe nimejaribu. Hospitali moja hapa Nairobi imeniambia upasuaji wa kupunguza uzito ni shilingi 1,100,000. Wakala wa WhatsApp anasema Istanbul ni 420,000, hoteli ikiwemo. Nimekuambatishia ujumbe wake. Mwenzangu kazini alienda huko na amerudi amependeza. Hospitali nyingine ya India imenipa 560,000. Sacco iko tayari kunipa mkopo wa 600,000. Mume wangu anaogopa. Niende au nibaki? Na kazini nitaomba likizo gani?

Jibu: Dadangu, nikupe msimamo wangu kwanza, sababu zifuate. Istanbul kwa mpango wa huyo wakala, hapana. India inawezekana, lakini kwa sharti moja: kabla hujatuma hata shilingi ya kwanza, uwe umepata daktari wa upasuaji hapa Nairobi aliyekubali, tena kwa maandishi, kukupokea ukirudi. Ukimkosa, baki hapa uendelee kuweka akiba, hata ikichukua mwaka mwingine. Mimi mwenyewe sipasui. Niko kliniki ya sukari na uzito, kwa hiyo uende au ubaki, mfukoni mwangu haingii kitu. Ila waliopasuliwa nje wakirudi na shida, wengi huanzia kwa watu kama mimi.

Tuanze na hofu ya mume wako, maana huenda anadhani unakimbilia kisu kwa ajili ya urembo. Ukigawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 45. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa 2022 na vyama vya wapasuaji wa uzito unasema upasuaji unapendekezwa kuanzia BMI ya 35 hata kama mtu hana ugonjwa mwingine, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Wewe umevuka vipimo vyote viwili, na una sukari na presha juu yake. Kwa hiyo jambo lenyewe si la anasa. Katika hospitali zenye uzoefu, anayefariki kutokana na upasuaji huu ni kama mtu mmoja kwa kila elfu moja hivi, hatari inayokaribiana na ya kutolewa kibofu cha nyongo. Mwonyeshe mume wako hesabu hizo. Mwambie pia kwamba kuogopa safari kuna msingi.

Utaulizwa kuhusu sindano za kupunguza uzito. Semaglutidi ilipofanyiwa utafiti ilipunguza uzito kwa asilimia 15 hivi, kwa muda wa mwaka na zaidi kidogo. Upasuaji hupunguza kati ya asilimia 25 na 30. Kwako wewe hiyo ni tofauti ya kilo 18 hivi na kilo 30 au zaidi. Sindano inafaa watu wengi, na inaweza kukusaidia kushuka kidogo kabla ya upasuaji, lakini ukiiacha uzito hurudi, na gharama yake ni ya kila mwezi. Ukiamua kuitumia, nunua kwenye famasia yenye leseni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia, na Ozempic ni jina la kibiashara la semaglutidi.

Sasa nirudi kwenye ujumbe wa wakala, kwa sababu nimeusoma mara mbili. Unasema hivi: usiku tatu hospitalini, usiku tatu hotelini, dereva wa kifahari, vipimo vyote, vitamini za mwezi mmoja bure, na punguzo ukilipa amana kabla ya Ijumaa. Aina ya upasuaji imetajwa kwa neno moja tu, slivu. Jina la daktari halimo. Jina la hospitali halimo. Swali hata moja kuhusu afya yako halimo. Mtu amekuchagulia upasuaji kabla hajajua kwamba una kiungulia.

Na kiungulia ndicho kinachobadilisha kila kitu. Katika slivu, daktari anakata na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Shinikizo ndani ya mrija huo ni kubwa, asidi inapanda juu kwa urahisi, na aliyekuwa na kiungulia kikali anaweza kuwa na kibaya zaidi, wengine hadi wakarudi kupasuliwa tena. Baipasi ni tofauti: daktari anatengeneza kifuko kidogo juu, kinachobeba kama mililita 30, halafu anakiunganisha na utumbo chini zaidi ili chakula kipite pembeni. Kwa mtu mwenye kiungulia kikali baipasi ndiyo huchaguliwa mara nyingi, na kwa sukari pia matokeo yake huwa mazuri zaidi. Ni upasuaji mrefu kidogo, na bei yake huwa juu ya slivu.

Kwa hiyo bei tatu ulizonipa huenda hazilinganishiki hata kidogo. Uliza kila hospitali ilikupa bei ya upasuaji gani. Na kabla hujauliza, fanya endoskopi hapa Nairobi, ile ya kuingiza kamera kupitia kinywani, na upimwe bakteria wa H. pylori, anayeleta vidonda vya tumbo na ni wa kawaida sana kwetu. Akipatikana, anatibiwa kwanza. Pesa ya endoskopi haitapotea. Picha na ripoti yake utazitumia popote utakapopasuliwa.

Tufanye hesabu ya pesa. India 560,000. Usiende peke yako, kwa hiyo tikiti ni mbili. Nikikadiria 75,000 kila moja, hiyo ni 150,000. Viza ya matibabu yako na ya anayekusindikiza. Malazi ya wiki mbili, chakula, teksi, dawa za kubeba nyumbani, laini ya simu. Mimi naona bila shida unafika 800,000. Pengo la zaidi ya nusu milioni ulilokuwa ukiliona sasa limebaki kama laki tatu. Istanbul nayo ukiongeza mambo hayo hayo inapanda vivyo hivyo, maana ule usiku tatu wa hotelini hautoshi, nitakueleza kwa nini.

Halafu rudi kwa ile hospitali ya Nairobi uombe mchanganuo wa hiyo 1,100,000: ada ya daktari, ya mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda, na vifaa. Pini za kufungia mfuko wa chakula unapokatwa, na mashine za kuzipigia, zinaagizwa kutoka nje, hutumika mara moja na kutupwa, na hula sehemu kubwa ya bili. Ukishaona mchanganuo, peleka kwa hospitali nyingine mbili. Bei za Nairobi hazifanani, na daktari anayepasua katika hospitali zaidi ya moja anaweza kukuambia wapi kitanda ni nafuu. Uliza pia kama unaweza kulipa kwa awamu. Watu huona haya kujadiliana na hospitali, ilhali hapo sokoni Gikomba hawaachi hata shilingi ishirini.

Mkopo wa sacco usiumalize wote. Hilo nalisisitiza kuliko tofauti ya bei yenyewe. Usiku mmoja ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, katika hospitali ya binafsi hapa humeza makumi ya maelfu, na anayepata tatizo la upasuaji halali usiku mmoja. Mtu aliyetoa mkopo wote akapanda ndege amesafiri bila akiba ya dharura. Bima usiitegemee kabla hujausoma mkataba: bima nyingi za kazini hazilipii upasuaji wa uzito, na baadhi zinakataa hata matatizo yanayotokana nao. Bima ya safari nayo kwa kawaida haigusi matibabu uliyoyapanga mwenyewe. SHA, bima ya afya ya serikali, ina utaratibu wa matibabu ya nje, lakini ni kwa huduma zisizopatikana nchini, na upasuaji huu unapatikana hapa.

Kinachonifanya nikatae Istanbul ya wakala ni siku zinazofuata. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi tatu na wengi hutoka salama. Mwenzako kazini ni mmoja wao, na wako wengi. Lakini shida zake kubwa hazijui ratiba ya ndege. Ya kwanza ni kuvuja pale palipopigwa pini. Inaweza kujitokeza siku ya pili, na inaweza kujitokeza wiki ya pili, wakati umesharudi Donholm na wageni wamekuja kukupa pole. Haianzi kwa kishindo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni moyo kwenda mbio. Kwa hiyo kila asubuhi na jioni, ukiwa umetulia kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, tazama saa ya simu, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika kwenye daftari. Yakivuka 120 na hujatembea, au ukipata homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto au pumzi fupi, nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi, na usiende kwenye zahanati ya mtaani.

Ya pili ni damu kuganda miguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu. Uzito mkubwa peke yake huongeza hatari hiyo, upasuaji huiongeza, na kukaa kwenye kiti cha ndege zaidi ya saa nne huiongeza tena. Nairobi hadi Istanbul au Mumbai ni kama saa sita au saba. Wewe unaambiwa upande ndege siku ya sita. Mimi ningetaka usipande kabla ya siku kumi, baada ya kuonwa na aliyekupasua, ukiwa na soksi za kubana, ukitembea ndani ya ndege, na ukiendelea na sindano za kuzuia damu kuganda kwa muda atakaokuandikia.

Sasa fikiria umefika Nairobi, moyo unakimbia, ni saa nane za usiku. Daktari wa zamu anakuuliza ulifanyiwa nini. Karatasi kama utakayotoa nimeziona: ukurasa mmoja, lugha ya Kituruki, muhuri mzuri, na hakuna anayejua mfuko wako wa chakula umeachwa na ukubwa gani wala utumbo umeunganishwa wapi. Daktari wa upasuaji wa hapa anaitwa kufungua kazi ya mtu asiyemjua, asiyeshika simu. Ndiyo maana baadhi yao husita kuwachukua wagonjwa waliopasuliwa nje, na siwalaumu.

Sisemi Waturuki hawajui kazi. Uturuki ina wapasuaji hodari na hospitali nzuri sana. Shida iko kwenye soko la vifurushi. Serikali ya Uingereza imewaonya raia wake hadharani baada ya baadhi yao kufariki kufuatia matibabu huko, na mwanzoni mwa 2023 makumi ya watu wa nchi kadhaa za Ulaya walipata sumu ya botulini baada ya kudungwa botoksi tumboni ili wapunguze uzito, wengi wao Istanbul. Hiyo haikuwa upasuaji, lakini soko ni lile lile.

Kwa hiyo huyo daktari wa Nairobi utampataje? Weka miadi ya kawaida, lipa ada ya kumwona, mweleze ukweli kwamba unafikiria India kwa sababu ya bei. Wengine watakukatalia. Mwingine atakubali kukufuatilia, na huenda akakupa bei ambayo hospitali haikukupa. Akikubali, andikeni ratiba: wiki ya pili, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mwaka mmoja, kisha kila mwaka. Na simu ya kupiga usiku iwe ya nani.

Hiyo ya kila mwaka si mapambo. Baada ya baipasi mwili haunyonyi vizuri madini ya chuma, vitamini B12, kalsiamu na vitamini D, na vidonge vyake utameza maisha yako yote. Zile za mwezi mmoja bure alizokuahidi wakala ni kichekesho. Damu ipimwe. Dawa zako za sukari na presha zitahitaji kupunguzwa, wakati mwingine ndani ya siku chache tu, na asiyefuatiliwa anaweza kuanguka kwa presha ya chini jikoni kwake. Ukihitaji dawa ya maumivu, usinunue ibuprofeni wala diklofenaki dukani, zinachimba vidonda pale palipounganishwa. Kushuka uzito haraka pia huleta mawe kwenye nyongo, uliza kama utapewa dawa ya kuyazuia.

Kuna jambo moja ambalo hata zahanati nyingi hazilijui. Ukitapika kwa siku mbili tatu mfululizo baada ya upasuaji huu, vitamini B1, iitwayo pia tiamini, huisha mwilini haraka. Kwetu anayetapika hukimbizwa kutundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi bila B1 inaweza kudhuru ubongo. Andika kwenye karatasi, ibebe kwenye mkoba: nimepasuliwa tumbo, nipeni tiamini kabla ya glukosi.

Tuseme umempata daktari huyo na bado India inakupa nafuu ya maana. Mimi ningekubali, na India ina faida moja kubwa juu ya Istanbul: karatasi zako zote zitaandikwa kwa Kiingereza. Dai kuongea na mpasuaji mwenyewe kwa video. Mratibu wa wagonjwa hatoshi. Muulize kama yeye angekufanyia slivu au baipasi ukishamtumia ripoti ya endoskopi; akisema slivu bila kuuliza kuhusu kiungulia, achana naye. Muulize anafanya baipasi ngapi kwa mwaka, na nani atakuangalia yeye akiwa hayupo. Jina lake lithibitishwe kwenye rejista ya madaktari ya huko, na ithibati ya hospitali, iwe JCI au NABH, iangalie kwenye orodha ya wanaoitoa wenyewe, si kwenye nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Kisha swali la pesa, kwa barua pepe: ikivuja nikiwa bado India, bili ya ICU na ya kurudishwa chumba cha upasuaji ni ya nani? Jibu lisiloeleweka ni jibu.

Daktari mzuri atakuandikia pia lishe kali ya wiki mbili kabla, ili ini lipungue na apate nafasi ya kufanya kazi. Asiyetaja lishe hiyo, anayekuambia ufike leo upasuliwe kesho, anaharakisha kitanda chake. Ukitoka hospitalini, beba ripoti kamili ya upasuaji, muhtasari wa kuruhusiwa, na picha zote. Ukidhulumiwa hapa, unaweza kushtaki kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Baraza hilo halina nguvu juu ya daktari wa Mumbai wala wa Istanbul.

Usisahau cheti cha homa ya manjano. India inakidai kwa msafiri kutoka Kenya, na chanjo inatakiwa iwe imefikisha siku kumi kabla ya kufika. Bila hicho unaweza kuwekwa karantini, na tarehe yako ya upasuaji ipite ukiwa humo. Na kama bado unafikiria mtoto wa tatu, subiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na upange uzazi kwa njia isiyo vidonge, kwa kuwa baada ya baipasi vidonge huenda visitegemewe, huku uzito ukishuka na uwezo wa kushika mimba ukipanda.

Kuhusu kazini: Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo ya mwaka, na likizo ya ugonjwa ya siku saba kwa mshahara kamili kisha saba kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Safari ya India itakula wiki mbili au tatu, na nyumbani utahitaji wiki nyingine mbili kabla ya kurudi ofisini, zaidi kama kazi yako ni ya kuinua vitu. Ukipasuliwa Nairobi unaokoa zile za safari. Panga likizo ya mwaka iwe ya safari, na ya ugonjwa uianze ukirudi. Cheti cha kuipata, mwombe yule daktari wa hapa, kwa sababu idara ya wafanyakazi haitakuwa na maswali mengi juu ya karatasi ya daktari mwenye leseni ya Kenya. Ugonjwa wenyewe huhitaji kuutangaza. "Upasuaji wa tumbo" inatosha.